Mgeni hakuja: mwenyeji atapona na nini?

Tunajua namna wasomaji wetu wengi watakavyopokea habari hii. "Utalii? Sisi watu wa mashimo, utalii unatuhusu nini?" Mtu anayeamka alfajiri upande wa Manguredjipa na kushuka shimoni na tochi kichwani hana nafasi ya kuwaza juu ya mzungu anayelipa dola ili aangalie gorila. Mke wake aliyebaki Butembo anawaza minervali ya watoto, bei ya unga, na kama bwana atatuma kitu mwisho wa juma. Watalii ni habari ya Goma, ni habari ya wenye hoteli, ni habari ya wakubwa wa parke. Tunaelewa.

Lakini tunaomba mtusomee mpaka mwisho. Kile kilichoua utalii katika jimbo letu wakati wa corona ndicho kile kile kilichowapiga ninyi kwenye bei ya gramu. Ni kazi yenye mlango mmoja tu, na ufunguo wa mlango huo uko mkononi mwa watu wa mbali. Siku wanapoufunga, wewe mwenye kazi unabaki ndani na mali yako, na mali hiyo haikulishi.

Tukumbushane kwanza namna mambo yalivyoanza. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi rais wa Jamhuri alisimamisha masomo, ibada, baa na mikutano. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura, na mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Katikati ya tarehe hizo mbili, Hifadhi ya Virunga, parke yetu, ilifunga milango yake kwa watalii.

Kufunga huko kulikuwa na haki yake. Gorila na mwanadamu wako karibu sana kwa damu, na kikohozi ambacho kwako ni cha siku tatu kinaweza kumuua yeye. Gorila wa milimani waliobaki duniani wanazidi 1000 kidogo tu, na wote wanaishi katika nchi tatu: kwetu, Rwanda na Uganda. Mtalii mmoja mwenye homa angeweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Hatubishani juu ya kufunga. Tunauliza juu ya yale yaliyofuata.

Duniani kote, mwaka wa 2020, wasafiri wanaovuka mipaka ya nchi walipungua kwa asilimia 74. Ni watu karibu bilioni moja ambao hawakupanda ndege, hawakulala katika hoteli, hawakununua hata kikapu kimoja. Ng'ambo ya Kasindi, kwa jirani zetu wa Uganda, wageni walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu mwaka wa 2019. Mwaka wa 2020 walikuwa 473 000 tu. Katika kila wageni kumi, karibu saba hawakuja. Nchi yenye barabara nzuri, yenye usalama, yenye ndege kila siku, ilianguka hivyo. Sasa sisi je?

Sisi wa Grand Nord, corona ilitukuta nyumba imekwisha kuungua mara mbili.

Moto wa kwanza ulikuwa risasi. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wanauawa katika wilaya ya Beni, na hakuna familia ya Beni ama Oicha isiyojua maana ya kulala na viatu miguuni. Ndani ya parke pia, mwezi wa tano 2018, watalii wawili Waingereza walitekwa nyara, na mlinzi mwanamke aliyekuwa nao aliuawa. Parke ikafungwa mpaka mwezi wa pili 2019. Hesabu wewe mwenyewe: kutoka kufunguliwa huko mpaka corona ni miezi 13 tu. Mtu aliyekopa franga mwaka wa 2019 ili anunue gari ya kubeba watalii hakumaliza hata deni.

Moto wa pili ulikuwa Ebola. Ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 walikufa. Wengi wao walitoka Beni, Mangina, Katwa, Butembo. Hatuhitaji kuwaeleza hilo. Kila mmoja wetu ana jina la mtu anayemkumbuka.

Lakini kuna jambo moja kuhusu Ebola ambalo watu hawalisemi sana. Katika miaka ile hoteli za Beni na Butembo hazikuwa tupu. Zilijaa watu wa Riposte. Magari yalikodishwa kwa dola kila siku, nyumba zikapanda bei, madereva wakapata kazi, wamama wa restora wakapika kutoka asubuhi mpaka usiku. Ule haukuwa utalii, lakini kwa mwenye kitanda na mwenye sahani ilikuwa sawasawa: mgeni kutoka mbali, analipa dola, halafu anarudi kwao. Watu wengine walijenga vyumba vipya, wakiamini kwamba mambo yatakaa vile. Kisha Ebola ikaisha katikati ya corona. Riposte ikafunga mizigo, mipaka nayo imefungwa. Mgeni wa kazi akaondoka siku zile zile ambapo mgeni wa matembezi hawezi kuingia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka wa 2020 mgeni hakuja, na mwenyeji akabaki anahesabu funguo za vyumba.

Sasa tuseme ukweli, maana msomaji wa Butembo si mtoto. Utalii mkubwa wa Virunga haukuwa huku kwetu. Ulikuwa kusini: gorila wa Bukima, mlima wa moto wa Nyiragongo, hoteli za Goma. Huku kaskazini tulikuwa na mali nzuri lakini mlango umefungwa nusu. Tuna Rwenzori yenye theluji, mita 5109 kwenye kilele cha Margherita, na njia ya kupanda inaanzia Mutsora, karibu na Mutwanga. Tuna Ishango, pale Semliki inapotoka katika ziwa Edward, fasi ambapo mwaka wa 1950 walichimbua mfupa wenye alama za hesabu wa miaka karibu 20 000, na mfupa huo leo uko Bruxelles. Na ukitoka Beni kwenda Komanda unakuta Mont Hoyo na mapango yake, upande wa Ituri. Lakini njia ya Mutsora imefunguliwa na kufungwa kadiri ya risasi zinavyolia. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 vijiji vya sekteri ya Rwenzori, kama Mwenda, vilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Nani atapanda mlima wakati wenye mlima wenyewe wanakimbia?

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: kama utalii ulikuwa Goma, basi hasara ni ya Goma. Hapana. Parke ni moja, na mfuko wake ni mmoja. Mbele ya kufungwa, utalii ulikuwa unaleta karibu asilimia 40 ya mapato ya hifadhi. Dola 400 alizolipa mgeni ili amwone gorila kule Bukima ziliingia katika mfuko ule ule unaowalipa walinzi wa Mutsora na wa Ishango. Walinzi hao, waliokuwa karibu 700 katika parke nzima wakati huo, ni vijana wetu. Wengi wana dada Butembo, wana shemeji kwenye mashimo, wana watoto wanaosoma Beni. Mshahara wa mlinzi ukichelewa, deni linaandikwa katika kitabu cha duka la Kyavinyonge ama la Lume, wala si Goma.

Na kazi yao siyo kazi ya kuangalia ndege. Tarehe 24 Aprili 2020, watalii wakiwa wamekwisha kwenda na dunia nzima inavaa barakoa, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva mmoja na raia wanne. Mwezi wa kwanza 2021 wengine sita wakauawa. Watu hao walibaki kazini wakati mfuko unaowalipa umepoteza sehemu kubwa. Tunasema hivi juu kuna watu wanaofikiri kwamba utalii ukilala, mnyama na mlinzi wanalala pia. Mlinzi halali. Anabaki porini, na nyuma yake kuna franga chache zaidi kuliko jana.

Hapa tugeuke kwenye mashimo, na ninyi mtatuambia kama tunasema uongo.

Mwezi wa nane 2020, kwa mara ya kwanza katika historia, bei ya zahabu duniani ilipita dola 2000 kwa aunsi. Aunsi moja ya zahabu ni gramu 31 na kitu, kwa hiyo tunasema dola zaidi ya 64 kwa gramu. Kwenye redio walisema zahabu imepanda kwa sababu matajiri wanaogopa, wanaikimbilia kama watu wanavyokimbilia kanisani wakati wa mvua ya mawe. Sasa, nani kati yenu aliiona bei hiyo kwenye mizani? Katika miezi ya kwanza ya corona, fasi nyingi za mashariki ya Kongo, bei ya mchimbaji ilishuka wakati bei ya dunia ilikuwa inapanda. Ndege za Dubai zilisimama, mtu hakuweza kuvuka Kasindi, Entebbe ilifungwa. Mnunuzi mdogo akasema hana pesa, mkubwa wake hawezi kusafirisha. Aliyekuwa na njaa akauza kwa bei ya njaa. Wakati huo chumvi, mafuta na sabuni zilikuwa zinapanda.

Mlikuwa na mali ambayo dunia nzima inaitafuta, na bado mkakosa ya kula. Mlinzi wa parke na mwongozaji wa watalii walikuwa hivyo hivyo: mnyama ambaye dunia nzima inataka kumwona yuko pale mlimani, na mwongozaji anakopa unga. Tofauti iko moja tu, nayo ni kubwa. Zahabu unaweza kuifunga katika kitambaa na kungoja. Hata ukingoja miezi sita, tola ni tola. Lakini kitanda ambacho hakikulaliwa usiku wa leo, hakuna mtu atakayekilalia jana. Siku ya mpagazi iliyopita bila mzigo hairudi. Ndiyo maana corona ilipiga utalii kuliko biashara nyingine: mali yake inaoza kila jua linapozama.

Watu wakikosa kazi wanafanya nini? Wanarudi msituni. Ng'ambo, katika msitu wa Bwindi, Uganda, tarehe 1 Juni 2020 dume kubwa la gorila lililoitwa Rafiki liliuawa kwa mkuki. Aliyemuua hakuwa akimtafuta gorila. Alikuwa akitafuta nyama. Alihukumiwa miaka 11. Dume moja, ambalo wageni walikuwa wanalilipia mamia ya dola kila siku, limekufa wakati mwenye kijiji anatafuta mboga. Kwetu hatuhitaji mfano wa mbali. Mnajua makala yanatoka wapi, na mnajua wamotari wanaoyabeba usiku. Kijana aliyekuwa anatazamia kubeba mizigo ya wageni hakuketi nyumbani kungojea corona iishe. Alishika panga ama alishika nyavu ya kuvua bila ruhusa. Wengine walikuja kwenu, kwenye mashimo, na ninyi mnaona namna mashimo yalivyojaa.

Hata parke yenyewe iliingia katika kazi ya uchimbaji, na jambo hili litawachekesha. Kule Luviro, katika wilaya ya Lubero, hifadhi ina mtambo wa umeme wa maji wa megawati 14 na kitu. Mwezi wa tisa 2020, utalii ukiwa umelala na nyaya za kupeleka umeme kwa wateja hazijafika kila fasi, waliweka makontena yaliyojaa mashine za kompyuta, wakaanza kuchimba bitcoin. Ndiyo, watu hao pia wanasema "kuchimba". Hakuna koleo wala zebaki. Mashine zinashindana kupiga hesabu mchana na usiku, na ile inayoshinda inalipwa kwa pesa isiyoshikika mkononi. Umeme ambao ungemwagika bure na maji ukageuka kuwa mshahara.

Hatuwalaumu. Nyumba ikikosa mgeni, mwenye nyumba anauza alicho nacho. Na umeme wa parke umefanya mambo tunayoyaona kwa macho: Mutwanga kulijengwa kiwanda cha sabuni na cha chokoleti, vitu vinavyotoka katika mawese na kakao ya mashamba yetu. Lakini tuangalie vizuri kontena na mtalii. Kontena halinunui ndizi barabarani. Halikodishi mota, halihitaji mpagazi, haliulizi hadithi ya mfupa wa Ishango. Linakula umeme, linatoa joto, na bei ya bitcoin inapanda na kushuka kwa upepo unaovuma mbali sana kuliko Dubai. Linasaidia mfuko, ndiyo. Kijiji halikisaidii sana. Na mlango wake ni mmoja pia.

Kuna wanaotujibu hivi: "Acheni corona. Kilichoua utalii hapa ni vita." Neno hilo lina uzito, na hatulifichi. Mwezi wa pili 2021 balozi wa Italia aliuawa barabarani karibu na Goma. Mwezi wa tano mwaka huo Nyiragongo ililipuka, na jimbo letu likawekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Mwisho wa 2021 M23 wakarudi kwenye vita, na milima ya gorila ikawa ndani yake. Tarehe 5 Mei 2023 OMS ilitangaza kwamba dharura ya Covid-19 imekwisha duniani, na siku hiyo hakuna aliyekuja kufungua mlango wa Bukima. Ni kweli: corona ilifunga, na vita ikakalia ufunguo.

Lakini corona ilituonyesha kitu ambacho vita ingekificha. Jirani zetu wenye usalama walianguka pia. Tofauti ni namna walivyoinuka. Mwezi wa sita 2020, Rwanda ilipofungua tena mbuga zake wakati ndege za wageni hazijarudi, ilishusha bei ya gorila kutoka dola 1500 mpaka 200 kwa wananchi wake na kwa watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dola 200 bado ni nyingi kwa maskini, hatusemi hapana. Lakini maana yake ilikuwa wazi: mgeni wa mbali akikosekana, mwite mtu wa nyumbani. Uganda nayo ilifungua mbuga za wanyama mapema, ikangojea mpaka mwezi wa tisa kwa gorila, na ikawahimiza watu wake kutembea nchi yao. Mwaka wa 2022 wageni wa Uganda walikuwa zaidi ya 814 000. Walikuwa hawajafika walipokuwa, lakini walikuwa wamesimama.

Sisi tungemwita nani? Mtoto wa Butembo anamaliza masomo bila kuona Margherita isipokuwa kwa mbali, siku mawingu yanapokubali. Ukimwuliza juu ya parke, atakuambia ni fasi ya wazungu na ya walinzi wenye bunduki. Ukimwuliza babu yake, atakuambia ni fasi iliyochukuliwa na Wabelgiji mwaka wa 1925. Hakuna kati yao aliyekwisha kualikwa ndani. Mfanyabiashara wetu anajua Kampala, anajua Dubai, anajua Guangzhou, lakini hajalala usiku mmoja Mutwanga kwa raha yake. Na mchimbaji aliyepata vizuri mwezi huu, raha yake anainunua wapi? Katika chupa, kwenye baa, kwa siku mbili, halafu anarudi shimoni na kichwa kinauma. Hatumhukumu. Tunasema tu kwamba hakuna aliyemfungulia mlango mwingine.

Hapo ndipo maoni yetu yanapokaa. Utalii wa Kongo ulijengwa kwa mguu mmoja, mguu wa mgeni mwenye dola. Corona iliukata mguu huo kwa siku moja. Wakati utakapofika wa kuujenga upya, usijengwe tena hivyo.

Hatusemi leo. Leo hatumtumi mtu yeyote kwenye njia ya Mutwanga kwa matembezi wakati wenyeji wanaomboleza. Usalama ni kwanza, na serikali ndiyo inayodaiwa usalama huo. Lakini nyumba inapangwa mbele ya mawe kufika. Wenye kupanga, wa ICCN, wa jimbo na wa hifadhi, wasikie mambo matatu kutoka huku.

La kwanza, bei ya Mkongomani iwe ya Mkongomani kweli, na iandikwe hadharani kwa franga, siyo kwa dola tu. Dola 400 siyo bei ya familia ya mwalimu ama ya mchimbaji. Na siyo lazima kila mtu aone gorila. Kutembea siku moja chini ya Rwenzori, kuona viboko Ishango, kulala usiku mmoja na kurudi: hiyo inaweza kuwa na bei ambayo masomo ya Beni na Butembo yanaweza kulipa kwa ajili ya wanafunzi wao. Mtoto aliyeingia parke na mwalimu wake akiwa na miaka 12, akiwa na miaka 20 utamwona ni mgumu kumtuma kukata miti humo usiku.

La pili, mwaka mzuri ulishe mwaka mbaya. Wamama wa soko la Butembo wanajua likelemba. Hakuna anayekula yote siku ya kupokea. Utalii ulipokuwa unaingiza dola, wapagazi na waongozaji walilipwa siku kwa siku, na siku ilipokatika hawakuwa na kitu. Kwenye kila tiketi ya mgeni itolewe sehemu ndogo, iwekwe katika mfuko wa wafanyakazi wadogo, wenye kamati inayojulikana na hesabu inayosomwa mbele ya watu. Mlango ukifungwa tena, kwa ugonjwa ama kwa risasi, mfuko huo ufunguliwe. Dawa ya njaa ni akiba. Ahadi haijazi sufuria.

La tatu, kijiji kijue fungu lake. Watu wa Mutwanga, wa Kyavinyonge, wa Kasindi wanaishi ukutani mwa parke. Wanaona tembo katika mahindi yao, wanaona marufuku ya kuvua na ya kulima. Wanapoambiwa kwamba utalii unaleta maendeleo, wana haki ya kuuliza: mwaka gani, kiasi gani, kwa kazi gani? Anayejua kwamba shule ya mtoto wake ilipata mabati kutoka kwa mgeni, huyo atamlinda mgeni. Asiyejua atamwona mgeni kama gari linalopita na kumwachia vumbi.

Na ninyi ndugu zetu wa mashimo, haya hayawahusu wengine peke yao. Lile mnaloliomba kwa zahabu ndilo tunaloliomba kwa Rwenzori: mnunuzi asiwe mmoja, njia isiwe moja, na bei isiwe siri ya mtu wa mbali. Mwaka wa 2020 mlijifunza hayo kwenye mizani, na wapagazi na waongozaji walijifunza hayo kwenye milango iliyofungwa. Itakuwa aibu kama mlango ukifunguliwa kesho na sisi tukapanga foleni tena nyuma yake, bila akiba, bila fungu, bila bei yetu, tukingojea tu kuona kama mgeni atakuja.